Mkaguzi Aitwe Kabla ya Mgeni Rasmi

Mahema yalikuwa yameshakodiwa na mgeni rasmi ameshathibitisha. Zilibaki siku nne tuzindue mfumo wa mikopo wa chama kimoja cha akiba hapa Dar es Salaam, kazi ya miezi saba, ndipo akaletwa kijana wa kukagua usalama. Aliingia kwa akaunti ya majaribio, akatazama anwani juu ya kivinjari palipoandikwa 1042, akafuta 2 akaweka 3. Chai yake haijapoa.

"Dada, huyu mama ni nani?"

Skrini ilionyesha mkopo wa mwanachama mwingine, wadhamini wake na namba yake ya simu.

Hakuna aliyeiba nywila. Kila ukurasa tulioandika ulimuuliza mtu, "Umeingia?" Hakuna hata mmoja uliomuuliza, "Hiki unachoomba ni chako?" Kosa lilikuwa kwenye fikra tuliyoanza nayo, kwa hiyo lilijirudia kila mahali: salio, risiti, fomu za udhamini. Uzinduzi ukaahirishwa wiki sita. Pesa ya mahema haikurudi.

Wala si sisi tu. OWASP, taasisi inayoorodhesha udhaifu mkuu wa programu za wavuti, ililipandisha kosa la aina hii kutoka namba 5 mwaka 2017 hadi namba 1 mwaka 2021.

Wapo wanaodhani dawa ni kununua programu ya kuskani. Inunueni, itawaonyesha nywila iliyosahaulika ndani ya msimbo. Lakini Equifax ya Marekani ilipitisha skani Machi 2017 kutafuta tundu la Apache Struts lililokuwa limeshatangazwa. Skani haikuliona, na baadaye taarifa za watu wapatao milioni 147 zikachukuliwa kupitia hapo hapo. Tena skani haijui kwamba mkopo huu ni wa Asha na si wa Juma. Hilo lazima mtu aliandike: ingia kama Juma, omba mkopo wa Asha, ukipewa, kazi isipokelewe. Jaribio letu lina mistari 14, nalo hujiendesha kila mmoja wetu anapopandisha msimbo.

Ugomvi wangu hasa ni na zabuni. Nyingi ninazosoma zinaweka ukaguzi wa usalama mwishoni kabisa, pesa zimekwisha na kadi za mwaliko zimeshatoka. Hapo mkaguzi akisema kweli anaonekana mchawi. Mnunuzi alipie siku mbili za mkaguzi kila mwezi tangu mchoro wa kwanza, na malipo ya kila awamu yasitoke mpaka Juma akataliwe mbele ya macho yake. Ni gharama, ndiyo. Wiki zetu sita zilikula zaidi.

Kijana yule sasa huja kila Jumanne. Juzi jaribio lake liliikataa kazi yangu mwenyewe, saa tano usiku. Nilinuna, nikarekebisha, nikalala saa saba.