Karata za Ardhi na Rangi Tano: Hoja kwa Wanakiswahili

Wanakiswahili wamezoea kutafuta istilahi katika maabara, mahakama na kompyuta. Michezoni hawaendi. Hata hivyo, neno karata lenyewe, pamoja na turufu, kopa na shupaza, yaliingia pwani kutoka Kireno kwa vinywa vya wachezaji, wala hakuna kamati iliyoketi kuyasanifu. Dharau hii haifai. Mfano wa kutosha ni Magic: The Gathering, mchezo wa karata za kukusanya uliobuniwa na Mmarekani Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993, ambao haujachapishwa kwa Kiswahili.

Katika mchezo huo, kila mchezaji hujiundia pakiti yake, aghalabu ya karata 60. Rasilimali yake ni karata za ardhi: uwanda hutoa nguvu nyeupe, kisiwa buluu, kinamasi nyeusi, mlima nyekundu, na msitu kijani. Kwa nguvu hizo hulipia karata nyinginezo. Mwenye rangi moja hana wasiwasi. Mwenye rangi mbili, akigawa ardhi 24 nusu kwa nusu, atakosa ardhi ya rangi fulani katika karata saba za mwanzo takriban mara 19 kwa 100. Akigawa kwa rangi tatu, nane nane, hatari hiyo hupanda hadi takriban 35 kwa kila rangi. Tamaa ya rangi ina bei yake.

Jambo hili halihitaji Kiingereza kuelezwa. Mkulima mdogo wa Bomet mwenye ekari chache za chai, mahindi, viazi na malisho ya ng'ombe anajua kwamba kila mstari uliopewa viazi umenyimwa chai. Zipo pia ardhi za rangi mbili, lakini nyingi huingia mezani zikiwa zimelala, zisitumike hadi zamu ifuatayo, mithili ya miche ya chai inayomngojesha mwenyewe miaka kadhaa kabla ya kuchumwa. Nyingine humtoza mchezaji sehemu ya uhai wake. Zile za awali, zisizotoza chochote, hazijachapishwa tena kwa ajili ya mashindano tangu miaka ya 1990, na bei yake haisemeki mbele ya mwanafunzi. Basi heri rangi mbili, ardhi zigawanywe kwa kuhesabu alama za gharama katika karata nyingine, na rangi ya tatu iwe ya karata mbili tatu zisizodai mno.

Likija suala la istilahi, tafsiri ya neno kwa neno itapotosha. Mchezaji anapotumia ardhi huigeuza ubavu. Waingereza hutumia neno liwezalo kumaanisha kugonga, au hata mfereji wa maji. Kiswahili kiseme kulaza na kusimamisha, maana ndivyo mkono unavyofanya. Rangi nazo zina sarufi yake: nyeupe, nyeusi na nyekundu hupatana na nomino, ilhali kijani na buluu hazipatani, kwa hiyo orodha itakuwa na ardhi nyeusi kando ya ardhi ya kijani. Si kasoro, ndivyo lugha ilivyo.

Neno ardhi lenyewe ndilo litakalozua mjadala. Huko Kericho si neno jepesi, kwa kuwa ardhi ya Wakipsigis na Watalai ilitwaliwa na wakoloni ikageuzwa mashamba makubwa ya chai, na madai yake hayajazimika. Wapo watakaopendekeza shamba ili kukwepa uzito huo. Lakini shamba ni jasho la mtu, na kinamasi si shamba la yeyote. Ardhi libaki, na uzito wake wote.

Vyama vya Kiswahili katika vyuo vya Kabianga na Bomet vinaweza kuanza muhula huu: kurasa mbili za istilahi, na pakiti mbili mezani, moja ya nyekundu na kijani, nyingine ya nyeupe na nyeusi.