Programu ipelekwe kwa mteja ikiwa kamili

Vijana wanaosomea informatiki huko Goma, Bukavu, Butembo, Bunia na Kisangani wanaunda programu ambazo wakaaji wanazihitaji kweli: ya kuandikisha wagonjwa katika kituo cha afya, ya kufuata malipo ya minervali shuleni, ya kuhesabu bidhaa katika depo. Kazi hiyo inastahili sifa. Lakini mara nyingi programu inatembea vizuri kwenye kompyuta ya aliyeiunda, kisha inagoma siku inapofika kwa mteja.

Sababu inajulikana. Karibu hakuna programu inayoandikwa yote na mtu mmoja. Ndani yake mna vipande vilivyoandikwa na watu wengine, ambavyo wataalamu huviita maktaba. Programu ya Python inahitaji pia Python yenyewe, na ya Java inahitaji Java. Kijana anavyo vyote, maana alivipakua kimoja kimoja wakati wa kazi, na vingine amekwisha kuvisahau. Kompyuta ya muuguzi haina hata kimoja.

Kumwambia muuguzi huyo apakue vilivyobaki kwenye intaneti ni kama kumpa mgeni unga tu na kumwambia atafute mwenyewe maji, chungu na makala. Pale ambapo mega ni ghali na umeme unakatika, programu hiyo itabaki kwenye flashi, na wagonjwa wataendelea kuandikwa kwenye daftari.

Dawa ipo, tena haiuzwi. PyInstaller inakusanya Python pamoja na maktaba zote na kuziweka katika folda moja au faili moja. Tangu Java 16, iliyotoka mwaka 2021, jpackage inafanya hivyo kwa programu za Java. Mzigo unakuwa mzito zaidi, lakini flashi moja inaubeba bila shida.

Vyombo hivyo havitoshi peke yake. Programu ya Windows inapaswa kufungwa kwenye Windows, na iliyofungwa kwa kompyuta ya biti 64 haitembei kwenye Windows ya biti 32. Pia Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Python 3.9 iliyofuata mwaka huohuo haikubali kutembea juu yake. Mwenye kuunda programu aulize kwanza mteja ana mashine gani, kisha ajaribu kazi yake kwenye kompyuta isiyo na kitu, huku intaneti imezimwa. Kabla ya jaribio hilo, asiseme kwamba amemaliza.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba maktaba iliyofungwa ndani inazeeka humo. Wana haki. Mwezi wa Desemba 2021, ulitangazwa udhaifu mkubwa katika Log4j, maktaba ya Java iliyokuwa imefichwa ndani ya programu nyingi duniani, na mashirika mengi hayakujua kama yanayo. Lakini hiyo si sababu ya kumwachia muuguzi mzigo. Ni sababu ya anayefunga kuandika orodha ya kila alichoweka ndani na namba ya toleo lake, na kurudi na toleo jipya kila kasoro inapojulikana.

Wanaonunua nao wana sehemu yao. Mkuu wa shule, daktari au mfanyabiashara asilipe pesa yote kwa sababu ameonyeshwa programu kwenye kompyuta ya muuzaji. Aombe isimikwe kwenye mashine yake mwenyewe, bila intaneti, mbele ya macho yake. Aombe pia ile orodha, na aandikishe katika mkataba nani ataleta matoleo mapya. Vyuo vikuu vilivyo mashariki mwa Kongo vinaweza kuanza na jambo dogo: kazi ya mwisho ya mwanafunzi isipimwe kwenye kompyuta yake, bali kwenye kompyuta ambayo hajawahi kuigusa.