Waridi Lisilo na Jina
Na Zuhura Wanjala

Wiki jana, ndani ya kivungulio kimoja Naivasha, nilionyeshwa waridi lisilo na jina. Kibao kilichochomekwa kando ya tuta kilikuwa na herufi mbili na namba tu. Rangi yake ilikuwa ya embe bivu, kichwa kipana kama kikombe cha chai. Mwanamke aliyenitembeza alikata moja, akabonyeza petali za nje kwa kidole gumba, akatikisa kichwa. "Hili halifiki Ulaya," akasema. "Litaozea sandukuni."

Waridi jipya huanza kwa kazi ya mkono. Mgunduzi wa aina mpya hufungua ua kabla halijachanua, akaondoa sehemu za kiume, akapaka chavua ya ua jingine, kisha akangoja tunda liive. Kila mbegu itakayotoka humo ni mtoto asiyefanana na nduguye. Kampuni kubwa huotesha makumi ya maelfu ya miche na kung'oa karibu yote. Michache inayosalia hujaribiwa huku kwetu, kwa sababu ua linalopendeza Uholanzi hubadilika likikutana na jua la ikweta na baridi ya usiku wa Naivasha, takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hupimwa urefu wa shina, wingi wa mavuno, uwezo wa kuhimili ubwiri unga, na siku ambazo ua litadumu majini baada ya safari. Tangu kupakwa chavua hadi kufika sokoni, miaka 7 hadi 10 hupita.

Ndiyo maana sina ugomvi na mirabaha. Aliyesubiri muda wote huo anastahili ujira wake. Kenya ilijiunga na UPOV, muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, mwaka 1999, na KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, ndilo linalosajili. Mkulima anayetaka waridi lililolindwa hulipia kila mche, wala haruhusiwi kujizalishia mingine bila idhini. Hekta moja hubeba miche 60,000 hivi, piga hesabu. Soko likiichoka rangi hiyo, miche hung'olewa na malipo huanza upya.

Kinachoniuma ni kwamba tumeridhika kuwa wapangaji. Ardhi ni yetu, maji ni yetu, mikono ni yetu. Hata uteuzi, ambao ni nusu ya kazi ya mgunduzi, unafanywa na kidole gumba cha mwanamke wa Naivasha. Lakini haki za waridi tunalosafirisha, kwa sehemu kubwa, zimeandikwa majina ya kampuni za Ulaya.

Na si kwamba tumekosa mbegu. Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, alikuta ua dogo la urujuani kule Usambara, kwa jirani zetu Tanzania, akapeleka mbegu kwao. Leo ua hilo lina maelfu ya aina, limejaa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, na Wajerumani bado huliita kwa jina la Usambara. Gladiola zinazouzwa kwa mashada nazo zina damu ya Gladiolus dalenii, ua la mwituni linaloota kwenye nyasi za nyanda zetu za juu. Waliozichanganya walikuwa mbali na nyanda hizo.

KALRO, shirika letu la utafiti wa kilimo na mifugo, na vyuo vikuu vyetu vianzie hapo, wala si kwenye waridi, ambako wenzetu wametutangulia kwa zaidi ya karne. Vitafute maua ambayo mkulima wa robo ekari Kinangop anaweza kupanda nje, bila kivungulio. Serikali nayo itenge fedha za miaka 10 mfululizo. Mradi wa miaka miwili hufa kabla mche haujajulikana tabia.

Na wa kwanza kuajiriwa awe yule mwanamke. Kabla sijaondoka nilimuuliza amekataa aina ngapi tangu aanze kazi hiyo. Akasema aliacha kuhesabu zamani. Zile alizozipitisha anazikumbuka zote, moja moja, na hajawahi kuulizwa hata moja iitweje.