Masharti ya Mfuko wa Utamaduni na Sanaa: Msanii Anapoomba Mkopo Anaulizwa Nini?

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

KILA inapotangazwa fursa ya fedha kwa wasanii, swali la kwanza linalofika katika meza za maofisa habari ni moja: fomu inapatikana wapi? Swali hilo lina majibu mepesi. Lililo gumu zaidi, na ambalo waombaji wachache huliuliza kabla ya kutia saini, ni namna fedha hiyo itakavyorudi. Ukiyasoma kwa utulivu masharti ya Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania, utaona kwamba karibu kila hati inayodaiwa kwa mwombaji inatafuta jibu la swali hilo la pili.

Historia inaeleza sababu. Mfuko wa kwanza wa aina hii ulianzishwa mwaka 1998, mwaka mmoja baada ya kutolewa kwa Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997, ukitegemea kwa kiasi kikubwa msaada wa Sweden. Ulitoa ruzuku. Kikundi kiliandika mradi, kikapewa fedha, kikatekeleza na kuwasilisha taarifa. Hapakuwa na deni. Wasanii wengi wa umri mkubwa wanaukumbuka kwa shukrani. Lakini ruzuku haizai fedha ya kumpa mwombaji anayefuata, na msaada wa wafadhili ulipokoma, shughuli za Mfuko zilififia hadi zikasimama. Serikali ilipoamua kuufufua, ikitenga shilingi bilioni 1.5 katika bajeti ya mwaka wa fedha 2021/22, ilichagua njia tofauti: mikopo yenye riba nafuu, inayopitia benki za biashara, ili marejesho ya msanii wa leo yawe mtaji wa msanii wa kesho.

Uamuzi huo ndio uliobadilisha sura ya masharti. Mtoa ruzuku hutaka kujua kama kazi ina thamani kwa jamii. Mkopeshaji, hata akiwa na nia njema kiasi gani, hana budi kujua kama kazi hiyo ina mnunuzi.

Kwa ujumla mwombaji anatakiwa awe Mtanzania mwenye kitambulisho cha Taifa, awe anatambuliwa na chombo kinachosimamia tasnia yake, awe na namba ya utambulisho wa mlipakodi, na awe na mradi ulioandikwa unaoonesha mapato na matumizi. Kiwango cha mkopo, riba na muda wa marejesho husomwa katika tangazo la wakati husika, kwa kuwa mambo hayo hubadilika; tangazo la mwaka juzi lililohifadhiwa katika simu ya rafiki si msingi wa kupangia maisha.

Sharti la kutambuliwa lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984, husajili wasanii na vikundi vya muziki, ngoma, sanaa za ufundi na nyinginezo. Watengenezaji wa filamu wanasimamiwa na Bodi ya Filamu. Haki za kazi zenyewe zinasimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA). Wapo wanaolalamika kwamba milango hiyo mitatu ni mingi kwa mtu mmoja anayeimba, kurekodi video na kuuza nyimbo zake. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake, hasa kwa msanii anayeishi mbali na makao makuu ya mkoa, ambaye kila mlango ni nauli. Hata hivyo, kwa mtazamo wa mkopeshaji, usajili ndiyo njia pekee ya kumtofautisha msanii na mtu aliyejiita msanii wiki ile tangazo lilipotoka.

Katika hakimiliki, sheria na benki hazisemi lugha moja. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999, haki ya mtunzi huzaliwa pamoja na kazi yenyewe, haingoji cheti. Mtu aliyetunga wimbo usiku wa jana ana haki juu yake asubuhi hii. Lakini ofisa wa mikopo hawezi kuiweka haki isiyoonekana katika jalada. Anataka cheti, mkataba, au taarifa ya mapato inayoonesha kwamba kazi hiyo imewahi kuingiza fedha. Hapo ndipo msanii aliyefanya kazi kwa miaka ishirini bila kusajili hata moja anapojikuta sawa na aliyeanza jana.

Lipo pia jambo lililo baya zaidi ya kukosa cheti, nalo ni kuwa na kazi ambazo si zako tena. Katika miaka ambayo filamu za Kiswahili ziliuzwa kwa wingi kwenye diski, watayarishaji wengi waliwauzia wasambazaji filamu zao moja kwa moja, pamoja na haki zote, kwa malipo ya mara moja. Fedha ile ilipokelewa kwa furaha. Wengine walijengea nyumba. Leo filamu hizo zinatazamwa mitandaoni, na aliyezitengeneza hawezi kuzitaja kama chanzo cha mapato katika andiko lake la mradi, maana mapato si yake. Mwombaji yeyote anashauriwa kuanza kwa kutoa sandukuni mikataba yake ya zamani na kuisoma kabla hajajaza fomu. Asipoelewa, amtafute anayeelewa.

Ugumu mwingine unawahusu wanaoomba kama kikundi. Sanaa zetu nyingi ni za kundi, na baadhi ya makundi hayo ni makongwe kuliko dola yenyewe. Kule Usukumani, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vina viongozi, wafuasi, taratibu na ushindani unaojulikana na kila mzee wa eneo hilo. Anayehudhuria sherehe za Bulabo pale Bujora, Kisesa mkoani Mwanza, haoni watu waliokutana kwa bahati. Ni taasisi kamili. Lakini taasisi isiyo na katiba iliyoandikwa, muhtasari wa kikao cha kuidhinisha mkopo wala akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja, haiwezi kukopa kwa jina lake. Atakayekopa ni kiongozi wake, kwa kitambulisho chake, na deni litamfuata yeye.

Mfano wa kundi lililovuka hatua hiyo upo Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga alipofariki dunia mwaka 1972, waliojifunza kwake waliendelea kuchora pamoja kama ndugu na marafiki. Mwaka 1990 walijisajili kama chama cha ushirika. Mtindo wa uchoraji haukubadilika kwa sababu ya cheti, lakini kundi likapata jina linaloweza kufungua akaunti, kusaini mkataba, na kushitaki au kushitakiwa.

Anayechagua kusajili biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) aijue tofauti ambayo mara nyingi haielezwi dirishani. Jina la biashara si mtu mbele ya sheria. Ukikopa kwa jina la biashara umekopa wewe, na mali zako binafsi ziko ndani ya deni. Kampuni ni mtu mwingine anayejitegemea, ingawa benki ikikutaka uidhamini kampuni yako mwenyewe, na mara nyingi hutaka hivyo, kinga hiyo inapungua sana.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa kuwa ndiyo inayoangusha maandiko mengi. Tuchukue mfano wa kubuni. Kikundi cha watu 10 cha taarabu katika mji wa pwani kinaomba shilingi milioni 6 za kununulia vyombo vya muziki, ili kiache kukodi. Kinapata shughuli nne kwa mwezi, kila moja shilingi 300,000, jumla 1,200,000. Usafiri, chakula na matengenezo huchukua 400,000. Zinabaki 800,000. Mkopo ukirejeshwa kwa miezi 12, marejesho bila kuhesabu riba ni 500,000 kila mwezi. Zinabaki 300,000 za kugawana watu 10.

Andiko la kawaida huishia hapo na kusema mradi unalipa. Anayeijua pwani atauliza: na mwezi wa Ramadhani? Harusi husimama. Mapato ya mwezi huo ni sifuri au karibu na sifuri, lakini tarehe ya marejesho iko palepale. Kikundi hicho hakina budi kuweka akiba ya 100,000 kila mwezi kwa miezi mitano kabla, na hapo kila mwanachama anabaki na shilingi 20,000 kwa mwezi. Je, watakubali kupiga muziki usiku kucha kwa kiasi hicho? Wasipokubali, mpigaji kinanda ataondoka mwezi wa tatu, na shughuli zitaondoka pamoja naye.

Mkopo huohuo ukipangwa kwa miezi 24, marejesho yanashuka hadi 250,000 kabla ya riba. Wakiweka akiba ileile ya 100,000, kila mmoja anabaki na 45,000. Riba itakuwa kubwa kidogo kwa jumla, kwa sababu muda ni mrefu, lakini kundi litakuwa hai. Waombaji wengi hujadili asilimia ya riba na kusahau muda, ilhali kwa kazi yenye misimu muda ndio unaoamua. Hali ni hiyohiyo kwa vikundi vya ngoma vya bara vinavyopata shughuli nyingi baada ya mavuno, kuanzia Juni. Kuomba kipindi cha unafuu kabla ya rejesho la kwanza, au marejesho yanayofuata msimu, si kuomba huruma. Ni kumpa mkopeshaji taarifa ambayo yeye, akiwa amezoea kukopesha maduka, hana. Andiko linaloeleza msimu waziwazi huaminika kuliko linaloonesha mapato sawa kwa miezi yote 12.

Vivyo hivyo, vifaa vinavyoombwa viambatishwe na profoma ya muuzaji anayefahamika, si bei zilizokadiriwa nyumbani.

Wapo wanaosema masharti haya ni makali mno kwa watu wa kipato kidogo. Fedha hizi ni za umma, na hesabu zake hupita mbele ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Tunao mfano wa karibu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 mikopo hiyo ilisitishwa ili utaratibu wake upangwe upya, baada ya ukaguzi kuonesha madeni yasiyorejeshwa na vikundi visivyokuwepo. Ilirejea mwaka 2024. Katika kipindi chote hicho, kikundi kilichokuwa kinalipa vizuri kilisubiri sawasawa na kilichotoroka. Kwa njia, vikundi vya sanaa vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu navyo vinaweza kuomba mikopo hiyo ya halmashauri, mlango ambao wasanii wachache huubisha kwa kuwa jina lake halitaji sanaa.

Pamoja na hayo, ni haki kusema kwamba zipo sanaa ambazo mkopo hauzifai, hata masharti yakilegezwa kiasi gani. Mzee anayejua kutengeneza zeze kwa njia ya asili, na ambaye hana mwanafunzi, hahitaji mtaji wa kuuza mazeze 100. Anahitaji vijana wawili wakae naye mwaka mzima, wale, walale, wajifunze. Hakuna marejesho katika kazi hiyo, na fomu ya mkopo haina safu ya kuiandika. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba ruzuku, hata ikiwa ndogo, iliyotengwa kwa ajili ya urithi wa aina hiyo, ingeukamilisha Mfuko bila kuudhoofisha, ilimradi hesabu zake ziwekwe mbali na zile za mikopo. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), ambayo tayari ina walimu na mabweni, ingekuwa mahali pa kawaida pa kuanzia.

Kwa wasomaji wetu wa Zanzibar, utamaduni si jambo la Muungano. Maulizo yao yaelekezwe kwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni Zanzibar (BASSFU).

Mwombaji anayetakiwa kulipa ada yoyote ya Serikali, iwe ya usajili au ya cheti, hupewa kumbukumbu namba ya malipo na hulipa kupitia benki au simu, kisha hupata stakabadhi. Anayeombwa fedha taslimu ili "jina lipite" asilipe, na atoe taarifa katika ofisi ya TAKUKURU iliyo karibu. Na anayeombwa na rafiki amdhamini, asome mkataba wote kabla ya kuweka sahihi: mkopaji akishindwa, mdhamini ndiye atakayelipa, hata kama hakuwahi kupanda jukwaani.