Joram Kiango naye aingie darasani

Mwenzetu mmoja alitaka kuandika kazi yake ya mwisho wa masomo juu ya riwaya za Ben Mtobwa. Akajibiwa kwamba hizo ni hadithi za kupitishia safari. Mimi sikubali.

Mtobwa alizaliwa Kigoma mwaka 1958, ng'ambo tu ya ziwa letu la Tanganyika. Alikuwa mwandishi wa habari, akamtunga mpelelezi Joram Kiango, kisha akaanzisha Heko Publishers na kujichapishia vitabu. Hebu fikirini maisha ya namna hiyo: usiku unaua mtu katika sura ya tatu, asubuhi unauliza bei ya karatasi. Huna ruhusa ya kumchosha msomaji, maana akichoka, kitabu kinachofuata hakina pesa ya kupigwa chapa. Hapo ndipo lugha inapopata mbio. Sisi tunaoelezwa sarufi ya Kiswahili kwa Kifaransa tunazihitaji mbio hizo. (Dar es Salaam Usiku niliisoma nakala ya kuazima, haina jalada, mpaka mshumaa ukaisha.)

Anayesema humo hamna cha kuchambua, aifungue mbele yetu atuoneshe.