Sala na Jembe

Wako watu wanaodhani ya kuwa mtawa ni mtu wa kusali tu, na ya kuwa kazi ya mikono ni aibu kwa msomi. Mtakatifu Benedikto, aliyeijenga monasteri ya Monte Cassino katika nchi ya Italia yapata mwaka 529, hakuona hivyo. Katika Kanuni yake aliwagawia watawa saa za sala, za kusoma na za kazi. Tena akaagiza vifaa vyote vya monasteri vitunzwe kama vyombo vitakatifu vya altare. Basi aliachaye jembe mvuani ana kosa, kama aliyekitupa kikombe cha Misa. Mwanafunzi ajifunzaye habari za watawa, naye aona haya kushika jembe, ameyasoma maneno tu. Maana yake hajaipata.