Mchicha Haungoji Jumamosi ya Mwisho wa Mwezi

Hapa Gitambi kuna maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi, hata kutoka kwa watu ninaowaheshimu: kila nyumba ina akarima k'igikoni, yaani bustani yake ndogo ya jikoni, kwa hiyo asiyekula mboga ni mvivu. Mimi nayapinga maneno hayo. Na nimeona kwamba wanaoyasema ni watu wenye nguvu mikononi na maji karibu.

Sina ugomvi na akarima k'igikoni. Tuta la duara lililoinuliwa, samadi kidogo, maji machache ya kuoshea vyombo, na familia inakula majani mabichi wiki nzima. Kwetu nyumbani imetulisha miaka mingi. Lakini inataka mtu wa kuitunza. Bibi wa miaka themanini anayelea wajukuu hawezi kupanda kilima na dumu la maji kutoka bondeni. Na kijana aliyepanga chumba kimoja, anayeamkia vibarua vya mpunga kule Bugarama, atalima wapi? Mlangoni kwa mwenye nyumba?

Wengine hujibu: basi wapeni mchele. Mchele ni mzuri, na bonde la mpunga liko jirani. Ila utafiti wa kitaifa wa mwaka 2019–2020 ulionyesha kwamba asilimia 33 ya watoto wa Rwanda walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Miaka mitano kabla ilikuwa 38, kwa hiyo tumepiga hatua, sikatai. Lakini mtoto anaweza kushiba ugali wa muhogo kila siku na bado akadumaa. Anahitaji maharage, sambaza wa ziwa Kivu pesa ikipatikana, na mboga za majani. Gunia la mchele linakaa ghalani miezi. Mchicha, ambao jirani zetu wa Bukavu huuita lengalenga, ukichumwa asubuhi mchana umenyauka. Ndiyo maana ghala la chakula cha msaada lisilo na bustani karibu litagawa vitu vikavu tu.

Kwa hiyo nataka bustani ya pamoja, na mavuno yake yaende kwanza kwenye jiko la mudugudu ambako akina mama huwapikia watoto, kisha kwa wazee wasio na mtu.

Mtasema tulishajaribu. Kweli. Vijana wa mtaani kwetu tulilima siku ya umuganda, watu wengi, majembe mengi, picha zikapigwa. Ikafika Julai, jua kali, na hakuna aliyerudi na maji. Umuganda uliofuata tulikuta kabichi zimekauka zikisimama kwenye mistari yake mizuri. Nami nimo katika zile picha, natabasamu.

Kosa halikuwa la umuganda. Tangu sheria ya mwaka 2007, kila mwenye uwezo kuanzia miaka 18 hadi 65 hufanya kazi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na barabara nyingi tunazopita zimepatikana hivyo. Lakini mtaro ukichimbwa leo, utakuwepo mwezi ujao. Mboga hazina subira hiyo. Umuganda uchimbe matuta na kujenga uzio wa kuzuia mbuzi. Kumwagilia kuwe na zamu za kila siku, zenye majina, na majina hayo yasomwe kwenye mkutano unaofuata umuganda, pamoja na idadi ya mafungu yaliyotoka na nyumba yalikokwenda. Bila hesabu hiyo mnajua mafungu yatakakoishia.

Mwenzangu mmoja darasani alinipinga nilipopendekeza kwamba mwenye zamu aondoke na fungu moja la mboga. Akasema kujitolea kunakolipwa si kujitolea. Nilimuuliza ni lini mara ya mwisho alibeba maji alfajiri kwa ajili ya watoto wa wengine. Fungu la mchicha si mshahara. Aliyejitolea pia ana watoto nyumbani, naye pengine hana shamba.

Mvua zinarudi Septemba. Kiwanja kipo, chini ya barabara, na kijito kiko hatua chache. Wiki ina zamu saba. Mpaka leo tumepata majina manne, na la Jumatatu ni langu.